Chakula cha mbwa anayetibiwa saratani: nimpe nini, niache nini?

Mama Popi, Tanga

Ndugu zangu, naomba ushauri. Mbwa wangu jike, Popi, ana umri wa miaka mitano, na kwa majuma kadhaa alikuwa akidondokwa na damu sehemu za nyuma, nami nikadhani yuko kwenye joto. Daktari wa mifugo alichukua majimaji ya uvimbe, akayatazama kwa darubini, akatueleza kuwa ni ile saratani ambayo mbwa huambukizana wanapopandana. Amekwisha kuchomwa sindano mbili za vinkristini, dawa ya kuua seli za saratani, moja kila wiki. Kinachoninyima usingizi ni chakula. Alikuwa na kilo 18, juzi mzani umeonyesha 15, na ugali wa dagaa aliokuwa akiugombania sasa anaunusa tu, analamba ukingo wa sufuria, kisha anakwenda kulala chini ya mwembe. Jirani ananiambia niache ugali kabisa kwa kuwa wanga hulisha saratani, nimpe nyama mbichi pamoja na kitunguu swaumu kilichopondwa, manjano na unga wa mlonge. Je, hayo yanafaa?

Daktari wa mifugo, Morogoro

Pole sana, dada. Kitunguu swaumu kiache leo hii, na vitunguu maji pia, viwe vibichi, vya kupikwa au vya unga, kwa sababu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na Popi amekwisha kupoteza damu nyingi. Nyama mbichi nayo isubiri. Vinkristini hushusha chembe nyeupe za damu katika siku zinazofuata sindano, na vijidudu kama salmonela, ambavyo mbwa mwenye afya huvimudu, vinaweza kumwangusha aliyepungukiwa na kinga. Chemsha nyama mpaka iive, na supu yake usiimwage.

Kuhusu wanga, maneno ya jirani yana chanzo: seli nyingi za saratani hutumia sukari kwa wingi. Lakini ukimnyima mbwa wanga, ini lake litaendelea kutengeneza sukari kutokana na protini, na asipokula vya kutosha protini hiyo itatolewa kwenye misuli yake mwenyewe. Ndiyo maana mbwa hawa huchongoka uti wa mgongo. Punguza ugali, ongeza nyama, mayai yaliyoiva na samaki. Elewa pia kwamba saratani hii si kama nyingine nyingi, kwani mbwa walio wengi hupona kabisa kwa sindano nne hadi nane, na kazi ya chakula ni kumfikisha kwenye sindano ya mwisho bila tiba kuahirishwa kwa ajili ya udhaifu. Mweleze daktari wako kwamba Popi hataki kula, kwa sababu zipo dawa za kuzuia kichefuchefu, na uangalie kama anapata choo, maana vinkristini huweza kupunguza mwendo wa utumbo, mbwa akafunga choo.

Mfugaji, Mwanza

Nimemuuguza dume wangu kwa ugonjwa huohuo. Dagaa wakavu niliwaloweka na kuwaosha mara tatu ili chumvi na mchanga vitoke, nikawachemsha, nikawaponda, na nikampa chakula cha vuguvugu mara nne kwa siku kidogokidogo, kwa sababu chakula chenye joto kidogo hutoa harufu inayomvuta mbwa asiye na hamu. Kosa langu lilikuwa kumpa kila siku yale mafuta ya ini la samaki wanayopewa watoto. Daktari alinikataza, akanieleza kwamba vitamini A na D hujilimbikiza mwilini mpaka zikadhuru. Mafuta yenye omega 3 yanayokamuliwa kutoka kwenye mnofu wa samaki ni kitu tofauti, na hata hayo huanzwa kwa kiasi kidogo, la sivyo mbwa ataharisha.

Mfamasia, Mombasa

Naongezea kuhusu miti shamba. Vinkristini yenyewe hutokana na mmea wenye asili ya Bukini (Madagaska), ule wa maua ya waridi na meupe unaopandwa mbele ya nyumba nyingi hapa pwani, na nimeshasikia watu wakishauriana kuchemsha majani yake. Tafadhali usithubutu. Ni sumu, na dawa ya hospitali hupimwa kwa miligramu kulingana na ukubwa wa mwili wa mnyama. Manjano na mlonge havijathibitishwa kutibu saratani ya mbwa, na virutubisho vinavyozuia oksidisho, yaani uharibifu wa seli unaosababishwa na oksijeni, vikitolewa kwa wingi, huenda vikapunguza nguvu ya tiba, kwa hiyo mimi ningevisimamisha mpaka sindano ziishe. Jambo jingine: vaa glavu unaposafisha mkojo na kinyesi chake siku chache baada ya sindano, na watoto wasikaribie.

Mama Popi, Tanga

Nawashukuru mno. Kitunguu swaumu nimekitupa. Leo asubuhi nimempa supu ya vuguvugu kwenye kiganja, akailamba mpaka katikati ya vidole, kisha akala yai moja na vijiko vitatu vya ugali uliochanganywa na nyama. Sindano ya tatu ni Alhamisi, na pakiti ya mlonge nitakwenda nayo ili daktari aione.