Ukuta mmoja wa mita nne: matango, nderema, kunde au fiwi?

Mama Nasri (Shangani, Mtwara)
Assalaam aleykum wapendwa. Nina kiuwanja cha nyuma, mita tatu kwa nne, mchanga mtupu, na ukuta mmoja unaopigwa na jua la jioni. Nyumba ni ya kupanga. Nataka mboga itakayotambaa ukutani, na chini yake niweke viungo vya jikoni: mnanaa, giligilani, mchaichai.

Mwaka jana nilipanda matango. Yalitoa maua hadi nikaita jirani aje aone, lakini vitunda vikifika ukubwa wa kidole gumba vinageuka njano na kudondoka. Machache yaliyokua yalipinda kama mundu, huku yamenona, huku yamesinyaa. Maji yangu ni ya kisima na yana chumvi kidogo. Ya bomba nayatunza kwa kunywa na kupikia. Siwezi kujaribu vyote, nishaurini nichague nini.

Korosho Mbili (Naliendele)
Dada, hayo matango yalikosa chavua. Maua ya mwanzo ya tango huwa madume matupu. Majike huja baadaye, utayajua kwa kitango kidogo kilichokaa nyuma ya ua. Nyuki wasipopita vya kutosha, kitunda hudondoka au hukua kikiwa kimepinda. Asubuhi mapema chuma ua dume, bandua yale majani yake ya njano, halafu gusisha unga wake katikati ya ua jike. Dume moja linatosha majike mawili matatu.

Jambo jingine ni la huku kwetu. Ikifika Juni na Julai tunapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga. Vumbi lile likitua kwenye matango jua likiwa kali, majani yanaungua pembeni kama karatasi iliyopitiwa na moto. Nilipoteza mashina yangu yote sita namna hiyo, na shamba la jirani liko hatua hamsini tu. Wewe wa Shangani huenda usipate vumbi hilo, ila mifuko mitupu ya salfa usiifanye vyungu vya kupandia.

Bi Somoe (Mikindani)
Mwanangu Mama Nasri, panda nderema, ile mboga ya majani manene inayotambaa. Sikuambii kwa kusikia, ninayo ukutani mwaka wa nne huu.

Huhitaji mbegu. Kata shina urefu wa shibiri, lenye pingili tatu au nne, ng'oa majani ya chini, fukia pingili mbili kwenye udongo wenye samadi iliyooza na uweke kivuli siku chache. Likishika, linakwenda. Joto letu hili ndilo inalolipenda. Ukichuma ncha, pembeni yanachipua machipukizi mawili, kwa hiyo kadiri unavyokula ndivyo linavyosonga ukuta. Ya kwangu hunywa maji ya kuoshea mchele na mboga, sifungui bomba kwa ajili yake.

Kwa kutambalia natumia wavu kuukuu wa baba watoto. Niliuloweka siku mbili kwenye maji baridi chumvi itoke, nikauning'iniza kwenye mti wa mwanzi. Chagua wenye macho makubwa. Wavu wa macho madogo unanasa mijusi na ndege, nami sipendi kuamka na kukuta kiumbe kinahangaika.

Kijana wa Mtanda (Lindi)
Shikamoo Bi Somoe. Kwa heshima zote napingana nawe kidogo. Nderema inateleza kama mlenda, na nyumbani kwangu watoto hawaigusi. Tango linaliwa na kila mtu, na kuanzia kupanda hadi kuchuma ni kama siku 50 au 60. Kama tatizo ni chavua na tiba tumeshaielewa, kwa nini aliache?

Bi Somoe (Mikindani)
Marahaba mwanangu. Utelezi unatokana na kupika muda mrefu. Kaanga kitunguu na nyanya, tia tui, likichemka ndipo utumbukize majani, geuza mara mbili, epua. Tia na dagaa uone kama watoto wataacha kitu.

Fundi wa Ng'apa (Lindi)
Kaka wa Mtanda, umesahau maji yake. Maharage hayavumilii chumvi kabisa, na tango nalo linateseka. Kunde ina uvumilivu zaidi. Mimi ningeweka kunde ya kutambaa mvua zinapoanza, mwezi wa Desemba: wiki nne hivi unachuma majani, baadaye kunde zenyewe. Ila ukiyachuma majani kwa pupa, usitegemee kunde nyingi.

Fiwi, hizi za jamii ya maharage, ni nzuri, lakini hukaa muda mrefu na shina lake huwa zito. Ni mboga ya mwenye nyumba. Na fiwi kavu zichemshwe hadi ziive kabisa, maji ya kwanza mwaga, maana mbichi zina sumu. Dodoki ndiyo kabisa: nililiweka kwenye fito za mikoko, kusi ilipovuma likaangusha chanja zima juu ya banda la kuku.

Mama Nasri (Shangani, Mtwara)
Allah awalipe. Basi nusu ukuta nderema, nusu nyingine kunde mvua ikianza. Matango nayaacha mpaka nipate pipa la kukinga maji ya mvua. Na viungo je?

Bi Somoe (Mikindani)
Mchaichai upeleke pembeni, unatanuka na majani yake yanakata mikono. Mnanaa uweke kwenye ndoo iliyotobolewa chini, kwenye kivuli cha nderema, na huo umwagilie maji ya bomba, kikombe kimoja jioni. Giligilani isubiri miezi ya baridi, Juni hadi Agosti. Ukipanda kwenye joto inakimbilia maua kabla hujapata majani. Zile mbegu za mviringo zikandamize kwa chupa zipasuke mbili, ndipo uzisie.

Nderema usinunue. Jumamosi nakuja Mtwara, nitakukatia ya shina jekundu na ya kijani, nizifunge kwa gunia bichi zisinyauke njiani.

Mama Nasri (Shangani, Mtwara)
Nitakuwepo mama. Leo jioni naanza kuchanganya samadi ya mbuzi na huu mchanga.