Tupeane uzoefu: gari la umeme la mtumba kama gari la pili hapa Tabora

Mwana wa Unyanyembe

Mwangaluka wakuu. Naufungua uzi huu kwa ajili ya mtu mwenye Noah au Prado yake ya safari, anayetaka gari la pili la kuzunguka mjini: kupeleka watoto shule, kupita Kitete, sokoni, ofisini, kurudi Ipuli jioni. Magari ya umeme ya mtumba kutoka Japani sasa yanapatikana, na maswali ni mengi. Ombi langu moja: tupeane vipimo. Yuniti ngapi, waya wa mili ngapi, kinaharibika nini na kwa nini. Zile za "kuna jamaa alinunua" tuziweke pembeni.

Naanza na umbali, maana ndio unaowapoteza wengi. Ukubwa wa betri unapimwa kwa kilowati-saa, na kilowati-saa moja ndiyo yuniti moja ya LUKU. Nissan Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa Desemba 2010, zina betri ya yuniti 24, na hata ikiwa mpya zinazotumika ni kama 21. Betri ikishachoka hadi asilimia 75 unabaki na yuniti 16 hivi. Kwa mji wetu ulivyo tambarare, yuniti moja inakupeleka kilomita 6 hadi 7. Kwa karatasi ni kilomita 100. Kwa kupanga ratiba yako weka 70, usije ukafika nyumbani kila siku taa ya kobe inawaka. Kobe ni alama ya dashibodi inayokuja umeme ukiwa karibu kwisha, na hapo gari lenyewe linapunguza nguvu.

Kilomita 70 zinatosha kwenda Kwihara na kurudi, ukazunguka Isevya na Cheyo, na ukabaki na akiba. Urambo ni kama 90 kwenda tu, Nzega kama 115. Huko peleka lile gari lingine.

Fundi wa Cheyo

Umeanza vizuri mkuu. Mimi nakaa kwenye betri, kwa sababu hapa hununui gari, unanunua betri iliyofungiwa magurudumu. Mwaka wa gari na kilomita zake vinakuja baadaye.

Kwanza tambua toleo. Soma namba ya chesisi. Ikianza na ZE0 ni toleo la kwanza, ikianza na AZE0 ni la pili, lililotoka mwishoni mwa 2012. Bila karatasi pia unaijua: ZE0 ina breki ya mkono ya kitufe, na buti lake lina nundu nyuma ya siti kwa sababu chaja ilikaa pale. AZE0 ina breki ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto na buti limefunguka. Kwa joto letu tafuta AZE0, na ukipata ya 2015 kuja juu ni bora zaidi, kwa kuwa kemikali ya betri ilibadilishwa ivumilie joto. Yuniti 30 zilikuja mwishoni mwa 2015, yuniti 40 zikaja na umbo jipya, ZE1, Oktoba 2017.

Pili, vijiti. Kulia kwa kipimo cha chaji kuna vijiti vidogo 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Usivichanganye na vile vya chaji ya siku. Kijiti cha kwanza hupotea uzima ukifika kama asilimia 85, na kila kinachofuata ni asilimia 6 na kitu. Gari la vijiti 10 lina uzima wa kati ya 73 na 78. Vijiti 8 ni kati ya 60 na 66, na hilo liache hata kama bei inavutia. Ukiagiza Japani mwombe muuzaji picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa, vijiti vyote vionekane. Akikuletea picha ya kiti na redio tu, hamia kwa mwingine.

Tatu, na hapa sikilizeni vizuri: vijiti vinadanganywa. Kompyuta ya betri ikifutwa kumbukumbu, gari la vijiti 8 linaonyesha 12, kisha baada ya wiki kadhaa za kuendesha vinaanza kuporomoka kimoja kimoja. Kwa hiyo nunua kidude cha OBD2 cha bluetooth, kile kinachosoma kompyuta ya gari, weka programu ya LeafSpy kwenye simu, chomeka chini ya usukani. Angalia SOH, ndiyo asilimia ya uzima, pamoja na Hx iliyo jirani yake, kipimo kingine cha hali ya betri. SOH ya 98 yenye Hx ya 50 haiingii akilini, hapo kuna mkono wa mtu.

Kisha fungua mchoro wa seli. Kuna jozi 96 za seli. Zipime chaji ikiwa imeshuka hadi asilimia 20 au 30, ukiwa umekanyaga mafuta. (Tumezoea kusema mafuta, mnanielewa.) Chaji ikiwa imejaa hata betri mbovu inapendeza. Tofauti kati ya seli ya juu na ya chini ikiwa chini ya milivolti 50, sawa. Ukiona nguzo moja imezama milivolti 150 au zaidi chini ya wenzake, moduli hiyo imechoka na ndiyo itakayokuzimia njiani. Kuibadilisha kunawezekana, ziko 48, ila lazima ushushe betri nzima ya karibu kilo 300.

Kipimo kisichodanganyika ni barabara yenyewe: jaza hadi 100, endesha hadi 20, andika kilomita na wastani wa kilomita kwa yuniti ulioko kwenye skrini. Gawanya, utapata yuniti halisi zilizotoka. Leaf ya yuniti 30 usiihukumu bila kipimo hiki, kwa sababu baadhi zilitoka na programu inayosoma uzima chini kuliko ulivyo, na Nissan walikuja kuirekebisha mwaka 2018.

Binti Nyuki

Kaka fundi asante. Naomba kuuliza, Note e-POWER nayo imo? Nimeona inatangazwa "gari la umeme".

Fundi wa Cheyo

Hapana dada. Magurudumu yanazungushwa na mota ya umeme, lakini umeme unatoka kwenye injini ya petroli iliyomo ndani. Haina hata tundu la kuchomeka. Ni gari zuri, ila utaendelea kupanga foleni ya mafuta.

Kama bajeti ni ndogo kuliko ya Leaf, angalia Mitsubishi i-MiEV. Ipo ya yuniti 16 na ipo ya 10.5. Hiyo ndogo msiidharau: betri yake ni ya Toshiba aina ya SCiB, inavumilia kuchajiwa mara nyingi mno kabla ya kuchoka. Na wewe unayesambaza madumu ya asali, tazama Nissan e-NV200. Ni kigari cha mzigo chenye mfumo wa Leaf, na betri yake inapozwa na AC wakati wa kuchaji. Leaf haina hilo.

Hesabu Kamili

Wakuu, tuje kwenye hela. Chukulia kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kilomita 40 gawa kwa 6.5 ni yuniti 6.2. Kuchaji kunapoteza kama asilimia 15 njiani, kwa hiyo LUKU inakatwa yuniti 7.2. Kwa mwezi ni 187. Mteja wa T1, yaani wa matumizi ya kawaida, analipa shilingi 292 kwa yuniti, ukiweka VAT na tozo za EWURA na REA inafika 356. Jumla ni kama 66,600 kwa mwezi. Gari la petroli linalokula lita moja kwa kilomita 10 litataka lita 104 kwa safari hizohizo. Zidisha kwa bei kikomo ya EWURA ya mwezi huu kwa Tabora, tofauti utaiona mwenyewe.

Sasa mtego. Kama nyumba yako iko D1, wale wanaotumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi kwa shilingi 100, gari litakutoa humo na nyumba nzima itahamia T1. Yuniti 70 za taa na friji zilizokuwa zinakugharimu 8,540 pamoja na kodi sasa zitakuwa 24,920. Ongeza hiyo tofauti ya 16,380 kwenye gharama ya gari. Bado linalipa, lakini mtu ajue mapema, asije akadhani mita ina shida.

Na kwenye kuagiza: gari la miaka 8 hadi 10 lina ushuru wa uchakavu asilimia 15, lililozidi miaka 10 ni 30. Linganisha ya 2013 na ya miaka ya karibuni kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kulipa chochote. Mara nyingine ushuru mdogo wa lile jipya zaidi unapunguza ile tofauti ya bei, na betri unapata nzima.

Waya Mili Nne

Mimi ni wa upande wa umeme wa nyumba. Nawasihi: soketi itangulie, gari lifuate.

Chaja ya kubebeka ya ampia 10 inavuta wati 2,300 mfululizo kwa saa 8. Soketi ya kawaida ya 13 imezoea pasi ya dakika 20. Ukiiunga kwenye mstari mmoja na friji na jiko, siku ya tatu plagi inanuka, siku ya kumi pini ya moto imeyeyusha plastiki. Kinachounguza ni skrubu iliyolegea nyuma ya soketi, waya ukiwa unagusa nusunusu. Vuta mstari wake peke yake kutoka kwenye bodi: waya wa mili 4, sakiti breka ya ampia 20, RCCB (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30 aina A, na soketi nzito ya chapa unayoiamini. Baada ya saa moja ya kuchaji weka kiganja kwenye plagi. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ukishindwa kushika, zima, kaza skrubu.

Ethi, ule waya wa kwenda ardhini, ndiyo inayosumbua zaidi Tabora. Chaja inapima ethi kabla ya kuruhusu umeme, na isipoiona inawasha taa nyekundu na kugoma. Watu wanasema chaja mbovu. Udongo wetu ni wa kichanga, kati ya Juni na Oktoba unakauka kabisa, na fimbo moja fupi iliyochomekwa pembeni ya msingi haitoshi. Piga fimbo mbili, ziachane angalau kwa urefu wa fimbo moja, ziunge kwa waya wa shaba na viungio vilivyokazwa. Usikubali fundi "aidanganye" chaja kwa kuunga ethi kwenye nyutro ndani ya plagi. Nyutro ikikatika huko nje, bodi yote ya gari inakuwa na umeme na mtoto anaweza kuligusa.

Kebo sasa. Gari la mnada wa Japani mara nyingi linakuja bila kebo, na likija nayo soma lebo: ya volti 100 peke yake usiichomeke hapa. Chaja iliyomo ndani ya gari yenyewe inakubali volti 230. Agiza kebo ya kubebeka ya Type 1 (aina ya plagi inayoingia kwenye gari), ya volti 230, yenye plagi ya pini tatu bapa, inayoweza kushushwa hadi ampia 8 au 6 jioni umeme ukiwa mdogo. Type 2 ya magari ya Ulaya na GB/T ya magari ya Kichina haziingii kwenye Leaf ya Japani.

Mwana wa Unyanyembe

Mkuu, na umeme ukikatika katikati?

Waya Mili Nne

Gari halidhuriki. Kebo nyingi zinaendelea zenyewe umeme ukirudi. Zipo zinazosubiri ubonyeze kitufe, kwa hiyo jaribu mara moja kwa kuzima breka ujue yako ni ipi.

Fundi wa Cheyo

Narudi kwenye joto. Betri ya Leaf haina feni wala maji ya kuipoza. Kinachoiua haraka ni vitu viwili vikikutana: chaji kujaa hadi 100 na jua la Oktoba. Chaji usiku, ikome 80, alfajiri uondoke. Mchana egesha chini ya mwembe, achana na banda la mabati lililozibwa pande zote. Na usiiache wiki nzima ikiwa 100 eti umesafiri. Iache 50.

AC: hapa mafundi wetu wanaharibu magari bila kujua. Kompresa ya Leaf ni ya umeme wa betri kubwa, na oili yake ni aina ya POE. Fundi akiongeza gesi kwa mashine yenye mabaki ya oili ya PAG ya magari ya kawaida, oili hiyo inapitisha umeme, gari linasoma kuwa umeme unavuja kwenye bodi na linakataa kuwaka. Mwambie mapema, au mletee oili na mipira yake safi.

Waya za rangi ya chungwa ni volti karibu 400. Asiguse mtu kabla ya kuchomoa plagi ya usalama iliyo sakafuni nyuma, kisha kusubiri dakika 10, glavu za volti 1,000 mkononi. Mengine ni madogo: oili ya gia lita 1.4 ya Matic S, mafuta ya breki kila miaka 2, tairi 205/55R16 au 195/65R15.

Binti Nyuki

Na kulitoa Dar? Linaweza kuendeshwa kwa kuchaji Morogoro, Dodoma, Singida?

Fundi wa Cheyo

Kwa chaja ya ukutani utatumia wiki nzima barabarani, dada. Lipandishe kwenye lori la magari, magurudumu yote manne yawe juu, yafungwe kwa mikanda. Lisivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, kwa sababu yanazungusha mota nayo inazalisha umeme.

Siku ya kulishusha usishtuke likikataa kuwaka huku taa zote za dashibodi zinapepesa. Karibu kila mara ni betri ndogo ya volti 12 iliyolala melini. Pima: chini ya 12.2, ichaji peke yake kwa saa kadhaa. Isipopanda ibadilishe, nyingi ni saizi ya B24, ila hakikisha upande wa chanya ni uleule wa ile ya zamani kabla ya kulipa.