Mrejesho: siku 30 za mlo wa kale na simu kando

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri wa kuanza mlo wa kale (kula kama watu wa zamani kabla ya kilimo: bila nafaka, kunde, maziwa wala sukari) na kupunguza simu ili nipate muda wa kukaa nje. Asanteni sana. Siku ya 3 kichwa kiliniuma balaa. Aliyesema niongeze maji na chumvi kidogo aliniokoa, kesho yake kikatulia. Simu sasa inalala sebuleni kuanzia saa 2 usiku. Alfajiri natembea peku kwenye nyasi, umande mpaka vifundoni, raha yake acha tu. Kuacha maharage kumenishinda, wiki ya 3 nikayarudia na wala sijutii. Wikendi nzima bila simu? Nilifika Jumamosi mchana, kazini wakanitafuta.