Gari la kusindikiza baiskeli Iringa hadi Mbeya kwa siku moja: nipakie nini, na nipakieje?

MshonajiMakambako

Kamwene wakuu. Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako. Baiskeli naijua ya kuendea sokoni tu, ile Phoenix aliyotuachia baba. Sasa mdogo wangu na wenzake wawili, mmoja wao binti, wamekubaliana na vijana wa Mbeya washindane mwezi wa saba: kuanzia Ipogolo pale Iringa hadi Mbeya mjini, zaidi ya kilomita 320, siku moja. Wanaondoka saa kumi alfajiri. Gari nimekabidhiwa mimi: Noah ya kukodi, dereva wake, na kijana mmoja wa kunisaidia.

Mwaka jana walijaribu Makambako–Njombe kwenda na kurudi, kilomita 120 hivi. Nilipakia kama ninakwenda msibani: sufuria, mkaa, magodoro mawili, nusu gunia la viazi. Walipokaribia Njombe mdogo wangu akapata pancha. Pampu ilikuwemo, ila ilikuwa chini ya vitu vyote hivyo. Tulipakua karibu nusu saa na yeye amekaa ukingoni mwa barabara, jasho limemkaukia mwilini, upepo unampiga, meno yanagongana. Nilimfunika khanga yangu na bado alitetemeka. Hali ile ilinikaa moyoni na sitaki kuiona tena.

Naomba mnisaidie. Maji kiasi gani? Vipuri gani nikivikosa sitavipata njiani? Na mafuta ya cherehani, ninayo ya kutosha, yanafaa kwa cheni?

DerevaWaUyole

Dada yangu, kamwene. Nimeendesha gari la kusindikiza kwenye barabara hiyo mara nne. Kosa lako la Njombe mimi nililifanya Igawa, tena kubwa zaidi: tairi la gari lenyewe lilipasuka, na jeki ilikuwa chini ya madumu ya maji. Vijana walitangulia bila gari kwa zaidi ya saa moja. Tangu siku hiyo jeki, spana ya magurudumu na tairi la akiba navihakiki kwa mikono yangu, na juu yake hakipandi kitu.

Kabla ya kufikiria upakie nini, fikiria mkono wako utapita wapi kukitoa, gizani, gari limesimama nusu dakika. Tafuta ndoo nne za rangi zenye mifuniko, zile za lita 20. Moja ya chakula cha saa mbili zijazo tu. Moja ya nguo. Moja ya baiskeli. Moja ya kwenu nyinyi mnaokaa kwenye gari. Kila mpini funga kitambaa cha rangi yake, hapo wewe huhitaji msaada. Ndoo ikitoka inarudi palepale ilipokuwa. Akiba yote inakaa nyuma kabisa, na ndoo mnazijazia mkisimama Mafinga na Makambako, si katikati ya msitu wa Sao Hill kukiwa na ukungu.

Ndoo ya baiskeli ndiyo inayohitaji umakini. Madukani njiani utapata tyubu za inchi 26 na 28, zenye valvu nene kama ya pikipiki. Baiskeli za mashindano nyingi zina tairi jembamba la saizi inayoitwa 700 na rimu yenye tundu dogo, hiyo valvu nene haipiti. Kwa hiyo tyubu za 700 zenye valvu nyembamba lazima mtoke nazo, nne kwa kila mwendeshaji, na kile kichwa kidogo cha shaba kinachogeuza valvu nyembamba iingie kwenye pampu ya kawaida. Ni kidogo kuliko kifungo cha shati, kishone kwenye mfuniko wa ndoo kisipotee. Tairi mbili za akiba. Kata na kipande cha tairi kuukuu, urefu wa kidole, cha kuweka kwa ndani tairi likichanika.

Halafu kibano, kile cha kunyolea nyusi. Barabara hii ina malori ya Tunduma usiku na mchana, na tairi za malori zikipasuka huacha nyuzi za chuma nyembamba kama sindano. Uzi wa namna hiyo ukiingia kwenye tairi la baiskeli huuoni kwa macho. Mtu anabadilisha tyubu, anaenda mita mia tano, pancha tena palepale. Mfundishe kijana wako kupitisha kitambaa laini ndani ya tairi taratibu: kitakaponasa, uzi upo hapo, ung'oe kwa kibano. Kidole asipitishe, kitakatwa.

Ongeza cheni moja na viungo vyake vya kuungia, waya wa breki na wa gia, spana za L seti nzima, na kile kipande cha bati kinachoshika mashine ya gia ya nyuma. Kila fremu ina umbo lake la kipande hicho, hakiazimwi. Baiskeli ikianguka upande wa kulia ndicho kinachopinda kwanza, na bila hicho safari imeisha.

Mafuta ya cherehani yanafaa, ila ni mepesi, yanaisha upesi. Futa cheni kwa kitambaa kikavu, tone moja kwa kila kiungo, zungusha pedeli, kisha futa tena kwa nje ili isibebe vumbi. Rudieni Makambako na Chimala. Mafuta ya kupikia hapana, yananata na kukusanya mchanga.

Nguo. Mwezi wa saba jua linachomoza karibu na saa moja asubuhi, kwa hiyo watakuwa gizani karibu saa tatu, wakipanda kwenda Mafinga ambako ni mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Glavu jozi mbili kila mtu, maana za kwanza zitalowa umande. Magazeti ya zamani, wayatie kifuani chini ya jezi wakianza mteremko baada ya Makambako, halafu wakifika bonde la Usangu wakupe uyatupe vizuri. Chimala ni joto, na jezi nyepesi iwe juu kabisa kwenye ndoo ifikapo saa nane. Kisha kutoka Igurusi wanapanda tena zaidi ya mita 500 kuja Uyole, jua linazama, baridi inarudi na miguu imekwisha. Sweta kavu liwasubiri huko. Nimeona watu wakivumilia yote wakashindwa na mlima huo kwa sababu nguo kavu zilitumika zote asubuhi.

MuuguziMafinga

Dada, maji nikufanyie hesabu. Mwendeshaji mmoja kwa hali ya kawaida hunywa nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa. Chukua lita 0.6 mara watu watatu mara saa 14, unapata lita 25. Nyinyi watatu wa garini weka lita 9. Chupa 24 za lita moja na nusu zinakutosha na kubaki. Dumu la lita 20 liwe la kunawa na kumwagia shingoni Usangu, liandike wazi kwamba si la kunywa.

Lakini maji matupu siku nzima ni hatari. Mtu akinywa mengi bila chumvi, sodiamu mwilini inashuka, anaumwa kichwa, anatapika, anachanganyikiwa, na watu wanadhani ni kiu wanamwongezea maji. Pakia pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wanaopewa wanaoharisha. Pakiti moja ni lita moja ya maji, pima, usikadirie kwa jicho. Zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Chakula, lenga gramu 60 za wanga kwa saa kwa kila mmoja. Ndizi ya wastani ina gramu 25 hivi, kiazi cha kuchemsha cha saizi ya ngumi karibu hivyohivyo. Viazi vya kwetu vidogo, vilivyochemshwa na kunyunyiziwa chumvi, ni chakula bora kabisa cha safari hii: vinatafunika, havinati vidoleni na havichoshi ulimi kama vitu vitamu. Uji mwembamba wa ulezi kwenye chupa ya chai kwa alfajiri. Soda za mwishoni zifunguliwe mapema zipoteze gesi.

Dawa: za maumivu kama diklofena na ndugu zake zisiingie kwenye ndoo. Mtu aliyepungukiwa maji akizimeza anaziumiza figo. Beba mafuta ya mgando kwa ajili ya michubuko ya siti, bandeji, chachi, glavu, maji ya chumvi ya kusafishia vidonda. Muulize kila mmoja dawa anayotumia nyumbani na uiandike. Angalieni na shingo. Kwenye mashindano ya kuvuka Marekani ya 1983, Michael Shermer misuli ya shingo ilimchoka hadi ikashindwa kuinua kichwa, na tatizo hilo limeitwa kwa jina lake mpaka leo. Zile zilikuwa siku nyingi, hizi ni saa 14, lakini mkimwona mtu anatazama tairi la mbele badala ya barabara, msimamisheni mumsugue shingo.

Na kwa ajili ya binti, beba khanga mbili za kumsitiri akihitaji kujisaidia. Wanaume hawakumbuki hilo, na binti anaishia kujinyima maji.

MshonajiMakambako

Dada muuguzi, hilo la khanga limenigusa, kweli hakuna aliyelitaja. Nitashona kabisa sketi pana yenye mpira kiunoni, avae juu ya suruali ya baiskeli.

Jana usiku nimekata kitenge nikashona mifuko sita yenye mkanda mrefu wa begani, kila mmoja na rangi yake. Nimejaribu: unaingia viazi vinne, ndizi mbili na chupa moja. Kaka dereva, nikiwapa mifuko hii kupitia dirishani gari likitembea sambamba nao, inafaa?

DerevaWaUyole

Hapana dada, nakuomba sana. Gari likitembea sambamba na baiskeli limeziba njia, na nyuma yako kuna basi. Tangulieni, egesheni nje kabisa ya lami upande wa kushoto, mahali wanapomalizia kupanda, maana hapo mwendo wao ni mdogo na madereva wanawaona kutoka mbali. Kijana asimame na reflekta, mkono umenyooshwa, mkanda wa mfuko ukining'inia. Mwendeshaji anapitisha mkono, amekwenda. Fanyeni mazoezi mara kumi hapo Makambako kabla ya siku yenyewe. Pembetatu mbili za kuakisi mwanga ziwe chini ya kiti cha mbele, na wiki moja kabla nendeni mkawaeleze trafiki wa Iringa, Njombe na Mbeya mtapita saa ngapi.

Ile ndoo ya nne nimeiruka. Weka wali na maharage kwenye hotipoti, chai, sweta la dereva, chaja, hela ndogondogo, na karatasi yenye namba za simu za ndugu za wote sita. Dereva wako apate usingizi wa muda wa saa nane nzima usiku wa kuamkia safari, na asiwe yeye wa kwenda kuchota viazi sokoni jioni ile. Mkifika Makambako itakuwa karibu nusu ya safari: ashuke, ale ameketi, afumbe macho dakika ishirini huku wewe na kijana mkijaza ndoo. Nyumbani kwako si ndio hapo hapo? Mtandikie mkeka.