Waandishi wa riwaya za mapenzi ya vita ya 1914, fungueni ramani kwanza!

Wakuu, huu mtindo umezidi. Kila riwaya mpya ya Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu ni ileile: kijana ni askari wa Mjerumani, binti yuko upande wa Mwingereza, mpaka katikati, machozi kurasa mia mbili. Mapenzi hayana ubaya. Ubaya ni uvivu.

Mwaka 1914 hapakuwa na "Mtanzania" wa kumpenda "Mkenya". Koloni la Kenya na jina la Tanganyika ni mambo ya 1920. Kuna mmoja kawakutanisha wapenzi wake Kariakoo, Julai 1914! Jina hilo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Mwingereza waliopiga kambi pale baada ya Dar kutekwa Septemba 1916.

Mwingine anampa binti wa Taveta barua kila wiki kutoka kwa mchumba aliyeko Moshi, "ng'ambo ya adui". Adui gani? Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914 wakakaa hadi Machi 1916, kwa hiyo muda wote huo Moshi na Taveta zilikuwa chini ya bendera moja. Ukitaka kuwatenganisha kweli, mpeleke binti Voi, ambako Waingereza walianza kuvuta reli kuelekea mpakani. Katikati hapo ni nyika kavu, na bila maji barua haipiti, hata mbebaji awe na moyo wa simba.

Bunduki nazo ni vichekesho. Shujaa anajificha kichakani Tanga, Novemba 1914, anafyatua risasi kumi na hakuna anayemwona. Kampuni nyingi za askari wa Mjerumani zilikuwa bado na Mauser ya 1871, risasi ya milimita 11, baruti nyeusi. Kila mlio unatoa wingu la moshi juu ya kichwa chako. Ukipiga, unahama, usipohama, unapigwa. Na huyo shujaa si "koplo" wala "sajenti". Upande ule vyeo vya askari vilikuwa ombasha, shaushi na effendi.

Linaloudhi zaidi ni mke kuachwa kijijini akisubiri mlangoni. Wake na watoto wa askari wa Mjerumani waliandamana na msafara! Walipika, walibeba, walizaa njiani. Novemba 1917, kabla ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani, kuvuka Ruvuma kuingia eneo la Wareno, chakula na dawa vilikuwa vimepungua mno, jeshi likapunguzwa, wagonjwa na majeruhi wakaachwa nyuma. Nani anavuka, nani anabaki? Hapo ndipo penye riwaya, nanyi mnapita mkikimbilia busu.

Na pande zenyewe hazikuwa ukuta. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha KAR (King's African Rifles, jeshi lao la askari Waafrika), kikiwa na askari wengi waliokuwa wamemtumikia Mjerumani kisha wakatekwa. Mtu yuleyule, sare nyingine, anawinda kampuni yake ya jana ambayo mkewe bado yumo. Hakuna hata mmoja wenu aliyeliona hilo?

Mpagazi ndiyo kabisa, anatajwa tu pale wanapohitaji mtu wa kufa. Pigeni hesabu: mzigo wa kilo 25 za unga, naye anakula takribani kilo moja kwa siku. Akienda siku 12 na kurudi 12 kwa chakula hichohicho, amefikisha kilo moja tu. Ndiyo maana walipunjwa posho, wakala unga usioiva vizuri, na kuhara kukawaua wengi kuliko risasi. Mpenzi wa kike akimtafuta, aanzie hospitali za wapagazi.

Mwisho, acheni kuwakumbatisha tarehe 11 Novemba 1918. Habari ilimfikia Lettow-Vorbeck siku chache baadaye, akaweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo huko Zambia, tarehe 25. Askari wake hawakwenda nyumbani siku hiyo, walipelekwa kambini Tabora. Anayebisha alete hoja, asilete matusi.