Naombeni ushauri: wagoma kodi wa zamani na matajiri wa leo, nawaunganishaje?

Wakuu habari zenu, nina mdahalo na upande wangu tumepewa kutetea eti tajiri anayecheza na sheria asilipe kodi ni mrithi wa wale waliogoma enzi za ukoloni, mwenyewe hainiingii akilini. Boston kule Marekani, enzi hizo koloni la Waingereza, 1773 watu walimwaga baharini makasha 342 ya chai kisa bunge la London linawatoza kodi na hawana mbunge hata mmoja mle, Bai Bureh kule Sierra Leone 1898 kapigana na Waingereza sababu ya kodi ya nyumba, Natal kule Afrika Kusini 1906 chifu Bambatha naye kagoma kodi ya kichwa. Hao walikataa waziwazi, na kule Afrika wengi walikufa.

Sasa bilionea wa Marekani hagomi chochote bana, hisa zinapanda yeye hauzi maana kodi inakuja ukiuza, anaziweka dhamana benki anakopa hela ya kula bata, akifa warithi wanaanza kuhesabiwa faida kwa bei ya siku ile ya kifo. Na ni halali!

Waliosoma sheria au historia, nishike hoja gani? Nawaza wale wafanyamagendo wa chai wa Boston, maana chai ya ile kampuni ya Kiingereza ya East India ilishuka bei ikawaharibia biashara, yaani nao walikuwa wanatetea mfuko wao, ila naogopa wapinzani watanigeuzia.