Kuunganisha mafaili ya Publisher yawe jarida moja

Mhariri, Dodoma: Ndugu zangu, habari za kazi. Jarida la ushirika wetu wa wakulima wa zabibu huandaliwa na watu watatu, kila mmoja katika faili lake la Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa. Nitayaunganishaje yawe jarida moja la kurasa 8 bila kuvuruga mpangilio?

Mchapaji, Singida: Publisher haina amri ya kuunganisha mafaili. Fungua faili lenye ukurasa wa mbele, ongeza kurasa tupu, kisha nakili kila ukurasa wa mafaili mengine kwa Ctrl+A na Ctrl+C, uubandike mahali pake. Kabla ya yote, hakikisha ukubwa wa karatasi na pambizo vinalingana, maana vikitofautiana mpangilio unaweza kuvurugika. Vilivyomo kwenye ukurasa kiolezo (master page, wenye vitu vinavyojirudia kila ukurasa) havinakiliki kwa njia hiyo.

Msanifu kurasa, Kondoa: Kama uhariri umekamilika, hifadhi kila faili kama PDF, kisha uunganishe hizo PDF, ni salama zaidi. Aidha, Microsoft imetangaza kwamba itaacha kuihudumia Publisher Oktoba 2026, hivyo nawasihi mjifunze Scribus, programu ya bure yenye amri ya kuingiza kurasa kutoka faili jingine.

Mhariri, Dodoma: Ahsanteni sana. Picha bado zinabadilishwa, kwa hiyo nitaanza na njia ya kunakili.